Chumba cha Saba: Mtazamaji wa Kawaida Mbele ya Filamu za Ajabu

Katikati ya filamu moja ya mashujaa, mhusika ambaye kifo chake kilinihuzunisha miaka michache iliyopita aliingia kwenye picha akitembea, mzima, hana hata kovu. Nikamwinamia mpwa wangu. “Huyu si alikufa?” Akanijibu bila kuondoa macho kwenye skrini: “Mjomba, yule alikufa kweli. Huyu ni wa ulimwengu mwingine.”

Jibu lake lilikuwa sahihi, nalo ndilo lililoimaliza filamu kwangu. Mapigano yaliendelea, majumba yakaporomoka, muziki ukapanda, lakini moyo wangu ulikuwa umeshatulia. Ikiwa kila aliyekufa ana pacha wake mahali fulani, basi hakuna wa kumwogopea.

Mimi ni mtazamaji wa mara moja moja. Sina kabati la vitabu vya katuni, sijui nasaba za wafalme wa sayari za mbali, na ule mfululizo wa televisheni ambao inatakiwa uutazame kabla ya filamu huwa sijautazama. Naingia, taa zinazimwa, nataka kusimuliwa. Nafasi hiyo ina faida yake. Sina deni kwa filamu yoyote, wala sikuja kukagua kama wamemtendea haki shujaa niliyempenda utotoni. Kinachobaki kichwani mwangu baada ya siku tatu kimebaki kwa nguvu zake chenyewe.

Kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini baadhi ya filamu za bunilizi ya kisayansi na za fantasia za miaka hii zinakaa, na nyingine zinayeyuka kabla sijafika mlangoni. Nilidhani ni ubora wa picha, lakini siku hizi karibu zote zina picha nzuri. Nilidhani ni ukubwa wa waigizaji, lakini majina makubwa nimeyaona yakizama pamoja na jahazi. Sasa naamini tofauti ni hii: filamu iliyokaa ina jambo ambalo imejikataza, na inakubali kuishi na katazo hilo mpaka mwisho.

Wasimulizi wa kale walilijua hili bila kufundishwa na mtu. Zimwi linamkabidhi kijana funguo saba na kumwambia: vyumba sita vifungue upendavyo, cha saba usikiguse. Msikilizaji anakaa wima palepale. Liondoe lile katazo, nawe umebaki na nyumba kubwa yenye vyumba vingi.

Sasa tazama filamu za mashujaa zilivyofanya. Loki, mungu wa hila, alinyongwa na adui Thanos mwanzoni mwa Avengers: Infinity War ya 2018, mbele ya macho yetu. Kufikia 2021 Loki mwingine, aliyechepuka kutoka mwaka 2012, alikuwa na mfululizo wake wa televisheni. Wolverine alizikwa mwishoni mwa Logan, filamu ya 2017 iliyomwacha apumzike kwa heshima niliyoshindwa kuisahau; mwaka 2024 Deadpool & Wolverine ikaanza kwa kulifukua kaburi lake. Tony Stark alikufa katika Avengers: Endgame ya 2019, na Julai 2024 ikatangazwa kwamba Robert Downey Jr., aliyemwigiza, atarudi, safari hii akiwa adui Doctor Doom. Uso uleule, mtu mwingine.

Sababu ya kifedha haijifichi. Endgame iliingiza karibu dola bilioni 2.8, na mwenye kisima cha namna hiyo hakifukii kwa hiari. Lakini naamini pia kwamba watu walitoka kwenye filamu ile wakifuta machozi kwa sababu walisadiki kuwa mlango umefungwa. Kila anayerudishwa baadaye anachota kutoka kwenye machozi yale. Kisima hakijazwi, kinachotwa tu, na mtazamaji wa kawaida anahisi kamba ikirefuka hata kama hawezi kueleza kwa nini.

Filamu iliyonitibu ugonjwa huu, ajabu ni kwamba nayo inahusu malimwengu mengi. Everything Everywhere All at Once ya 2022, iliyoongozwa na Daniel Kwan na Daniel Scheinert, inamhusu Evelyn, mama mwenye duka la kufulia nguo, aliyeitwa ofisi ya kodi na rundo lake la risiti. Michelle Yeoh anamwigiza kwa uchovu ambao kila aliyewahi kuendesha familia na biashara kwa pamoja ataujua. Evelyn anagundua kuwa anaweza kuazima ujuzi wa nafsi zake nyingine katika malimwengu mengine: mwimbaji, mpishi, nyota wa sinema. Ila huruki kwenda ulimwengu mwingine bure. Lazima kwanza ufanye jambo la ajabu lisilotarajiwa, na baadhi ya mambo hayo yanauma au yanaaibisha. Nguvu ina bei yake.

Tena waongozaji hawa walilitazama tatizo la malimwengu usoni wakalipa sura ya mtu. Binti wa Evelyn, katika ulimwengu mmoja, ameona kila kitu kinachowezekana kutokea kila mahali, na kwa hiyo hakuna kinachomgusa tena. Ameshajaribu kila furaha na kila huzuni. Anachotaka sasa ni kutoweka, na mamaye amfuate. Huo ndio ubaridi nilioupata siku ile nikiwa na mpwa wangu, ila hapa filamu yenyewe ilikuwa inauuguza.

Halafu inakuja ile sehemu ya mawe. Wamefika kwenye ulimwengu ambao uhai haukuwahi kuanza, na mama na mwana ni mawe mawili kwenye ukingo wa bonde. Hayana midomo wala miguu. Maneno yao yanaandikwa kwenye skrini na husikii kitu zaidi ya upepo. Baada ya zaidi ya saa moja ya kelele na mateke, filamu ilijinyang'anya kila ilichokuwa nacho, hadi sauti. Sijawahi kukaa karibu na wahusika kama nilivyokaa karibu na mawe yale. Mwishowe Evelyn, ambaye angeweza kuwa chochote, anachagua kubaki kwenye maisha yenye risiti, mume mpole na binti anayegombana naye. Machi 2023 filamu hiyo ilichukua Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora, na safari hii tuzo na moyo wangu vilikubaliana.

Maji ndiyo katazo la Dune. Nilipoitazama ya kwanza, ya 2021, sikuwa nimesoma riwaya ya Frank Herbert ya 1965, na nusu saa ya mwanzo majina yalinichanganya. Kilichoniingiza ndani ni mate. Stilgar, kiongozi wa watu wa jangwani, anaitwa mbele ya Mtawala Leto, anasogea mezani na kutema mate. Walinzi wanashtuka. Kumbe kwa watu wake huo ni ukarimu, kwa maana ametoa unyevu wa mwili wake kwenye sayari isiyo na mvua. Tendo hilo moja lilinieleza uchumi, dini na adabu za ulimwengu mzima. Ndipo nikaelewa kwa nini wanavaa mavazi yanayokusanya jasho na pumzi, na kwa nini katika sehemu ya pili, ya 2024, maji ya maiti yanatolewa na kumiminwa kwenye hodhi ambalo hakuna anayethubutu kulinywa hata akiwa na kiu.

Denis Villeneuve, mwongozaji, anajua kuufanya mwili wa mtazamaji ujisikie mzito. Watu wake wanatembea mchangani kwa hatua zisizo na mpangilio, wakiburuta na kusita, kwa sababu mdundo unaita funza mkubwa aliye chini. Katika sehemu ya pili sayari ya maadui ilipigwa kwa kamera za mwanga usioonekana kwa macho, mchana ukawa mweupe kama mfupa na ngozi za watu kama nta. Ni jua linalonyonya rangi. Hakuna aliyetueleza kwa maneno, na hatukuhitaji.

Hata hivyo, Dune inalegea palepale Paul, mwana wa Leto, anapokunywa maji ya sumu na kuanza kuona yajayo yote. Kijana aliyekuwa anajifunza kutembea anageuka mtu asiyeweza kukosea, na hofu yangu juu yake ikakatika. Anayeiokoa filamu ni Chani, anayeigizwa na Zendaya. Yeye haoni yajayo. Anaona mtu anayempenda akigeuka mungu wa watu wake, na hawezi kulizuia hilo. Wenzake wanapiga magoti, yeye anaondoka kwenda jangwani peke yake kungoja funza wa kumbeba. Filamu ya dakika 166 yenye majeshi na nyuklia inamalizikia kwenye uso wa msichana aliyekataa, na ni uso huo nilioutoa ukumbini.

Kama ningelazimika kuchagua moja tu, ningechagua Godzilla Minus One ya 2023. Sikwenda na matumaini. Nilitarajia dubwana, majengo yaliyopondwa na watu wakikimbia, na hayo yote yamo. Lakini Takashi Yamazaki aliiweka hadithi Japani mwishoni mwa vita na mara baada yake, kwenye nchi iliyokwisha kuteketea. Nchi iko sifuri, dubwana linakuja kuishusha hadi hasi moja. Koichi Shikishima ni rubani wa kujitoa mhanga ambaye hakujitoa. Alitua kisiwani akidai ndege ina hitilafu, na usiku huo dubwana lilipotokea, vidole vyake viligoma kufyatua risasi. Mafundi karibu wote wakafa. Anarudi Tokyo akiwa hai, na uhai wenyewe ni aibu.

Hesabu makatazo ya filamu hii. Japani imenyang'anywa silaha. Marekani haitaki kuingilia kwa kuwaogopa Wasovieti. Serikali imenyamaza. Wanaobaki ni mabaharia wa zamani, raia, wenye meli zisizo na mizinga na mpango wa kulifunga dubwana mitungi ya gesi ili bahari ilizamishe, kisha kulivuta juu kwa ghafla. Ni mpango wa watu maskini, unaoeleweka hata kwa mtoto, na kwa sababu unaeleweka unaona kila kamba inayoweza kukatika. Dubwana lenyewe lina mpaka: kabla ya kutema moto, miiba ya mgongoni inachomoza mmoja baada ya mwingine kuanzia mkiani, polepole, kama mtu anayehesabu, na moto ukishatoka unaliunguza na lenyewe. Katika sekunde zile za miiba hakuna aliyepumua ukumbini.

Kisha kiti. Shikishima anataka ndege ya kulipuka nayo mdomoni mwa dubwana, amalize deni lake. Fundi aliyesalimika kule kisiwani, mwenye kila haki ya kumchukia, anaitengeneza ndege na kumwekea kiti cha kumrusha rubani nje. Mwaka 2023, katika sinema iliyojaa watu wanaojitoa kafara kwa mbwembwe na kufufuliwa kwenye filamu inayofuata, hii ilisema kwamba ujasiri mkubwa ni kubaki hai. Iliwezekana kusemwa kwa sababu filamu ilikuwa imenishawishi kwamba kifo ni kifo.

Ndiyo maana mwisho wake ulinichoma. Noriko, mwanamke aliyekuwa akiishi na Shikishima na aliyepeperushwa na mlipuko mbele ya macho yetu, anakutwa hospitalini akiwa amefungwa bendeji, yu hai. Nilifurahi kwa ajili yao, na papo hapo nikajua kwamba chumba cha saba kimefunguliwa kidogo. Nakubali kuwa alama nyeusi inayoonekana shingoni mwake inadokeza kuwa bei bado haijalipwa. Bado, ningemwacha aende.

Bajeti ya filamu hiyo, kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, haikufika dola milioni 15. Madoido yake ya picha, vipande 610, yalifanywa na timu ya watu 35 wakisimamiwa na Yamazaki huyohuyo, na Machi 2024 wakachukua Oscar ya madoido mbele ya filamu za gharama ya mara nyingi zaidi. Wengi walilitumia tukio hilo kusema kwamba pesa zinaharibu filamu. Mimi sioni hivyo. The Creator ya Gareth Edwards, iliyoshindana nayo usiku ule, pia ilitengenezwa kwa busara, kwa dola milioni 80 na kamera ndogo, ikipigwa kwenye mashamba na vijiji halisi vya Asia kabla ya roboti na mitambo kuchorwa juu yake. Ni mojawapo ya filamu nzuri zaidi kwa macho nilizoziona. Lakini mtoto aliye kiini chake ana uwezo wa kuzima mashine kwa kukutanisha viganja, uwezo unaokua kila mtunzi anapobanwa, na wahusika wanafika popote wanapotakiwa kufika. Macho yangu yaliridhika, moyo haukuitwa.

Upande wa pili kuna James Cameron, ambaye pesa hazijawahi kumpungukia. Avatar: The Way of Water ya 2022 ina dakika 192 na ilikuja miaka 13 baada ya ile ya kwanza. Hadithi yake ina kasoro ileile ninayoilalamikia: adui aliyekufa amerudishwa kwenye mwili mpya, na watoto wanatekwa, wanaokolewa, wanatekwa tena. Lakini Cameron aliwaingiza waigizaji wake kwenye tangi la maji wakajifunza kuzuia pumzi. Kate Winslet alifikisha zaidi ya dakika saba. Hilo linaonekana. Meli inapozama na familia imenaswa ndani, maji yakipanda hadi darini, sikuwa nikiona viumbe wa buluu waliochorwa na kompyuta. Nilikuwa nahesabu pumzi zao na zangu. Kwa hiyo suala haliko kwenye pochi. Tajiri akikubali kubanwa na pumzi, ananipata, na maskini akimpa mtoto uwezo wa kila kitu, ananipoteza.

Kuna jambo jingine linalonikera, nalo ni filamu zilizokatwa nusu. Dune ya 2021 ilitangazwa kama filamu kamili, na maneno ya sehemu ya kwanza yakajitokeza skrini ilipowaka. Wicked ya 2024 ilifanya vivyo hivyo, ingawa yenyewe inafunga kwa wimbo wenye nguvu kiasi kwamba nilitoka nimeshiba. Spider-Man: Across the Spider-Verse ya 2023, ambayo michoro yake sijaona mfano wake, ilikatika mtu akiwa amefungwa kwa minyororo. Hadithi ndefu haina ubaya. Lakini mwisho nao ni mpaka, na msimulizi anayeukwepa ananiomba nimkopeshe imani yangu kwa miaka kadhaa.

Mpwa wangu haoni ubaya wowote hapo. Yeye anaishi ndani ya hadithi hizi kati ya filamu na filamu, anabuni yatakayofuata, anabishana na wenzake. Furaha yake ni ya kweli na siwezi kuibeza. Tunachokubaliana bila mjadala ni wanyama. Tuliitazama pamoja The Wild Robot ya 2024, ambamo roboti anayeitwa Roz, kwa sauti ya Lupita Nyong'o, anaangukia kisiwani, anaua kwa bahati mbaya familia ya bata bukini na kubaki na yai moja. Kifaranga lazima ajue kula, kuogelea na kuruka kabla ya majira ya baridi, basi. Kipupwe hakimsubiri mtu. Roboti mwenye jibu la kila swali hana jibu la hilo.

Na tuliitazama Flow, ya mwaka huohuo, kutoka Latvia. Gints Zilbalodis na wenzake waliitengeneza kwa Blender, programu ya bure ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua, na Machi 2025 ikachukua Oscar ya filamu ya uhuishaji. Ina paka, mafuriko na mashua. Ndani ya mashua wanaingia kapibara, lemuri, mbwa na ndege karani, na hakuna anayesema neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Paka anabaki paka: anaogopa maji, anaringa, anajikunja. Anapojitosa kwa mara ya kwanza kutafuta samaki, mpwa wangu alinishika mkono. Nyumba zimezama na wenyewe hawapo, na hatuambiwi walikwenda wapi.

Baada ya Flow nilimwonyesha filamu ya zamani kidogo, Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya 2009, yenye urefu wa takriban dakika 20. Nilitaka aione kwa sababu ya jina lake la Kiswahili, na pia kwa sababu maji yake yalinijia kichwani tangu yale mate ya Dune. Watu wanaishi wamejifungia ndani, nje hakuna kinachoota, na kila tone la jasho na mkojo linasafishwa na kunywewa tena. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anapanda mbegu ndani yake, inachipua. Wakubwa wanamkatalia kutoka. Anatoroka na mche wake na maji kidogo, anatembea jangwani, anaupanda, anaumiminia maji yake ya mwisho, kisha analala kando yake kuukinga na jua.

Skrini ilipokuwa nyeusi mpwa wangu aliuliza, “Mjomba, sehemu ya pili iko wapi?”

“Hakuna. Imeisha.”

Akakaa kimya. Halafu akachukua simu mkononi mwangu, akairudisha nyuma hadi pale Asha anapofungua mlango.